Sauti Ikizimwa, Mchezo Hupungukiwa na Nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi kwa kaka yangu, na kwa kuwa shemeji ana mtoto mchanga, usiku hulazimika kucheza michezo ya video nikiwa nimezima sauti kabisa. Nimeona kwamba mchezo uleule ambao mchana hunifanya nisahau chakula, usiku hunichosha baada ya dakika chache, tena hufa hovyo mahali ambapo mchana hupita bila shida. Kaka anasema ni usingizi tu. Je, muziki una kazi gani hasa katika mchezo, au ni pambo? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu msomaji, huenda usingizi nao una sehemu yake, lakini kaka yako hajamaliza maelezo. Mtunzi wa muziki wa filamu anajua tukio litachukua muda gani. Wa mchezo hajui kama utavuka daraja kwa sekunde kumi au utaanguka mtoni mara ishirini, na kwa sababu hiyo hutunga muziki unaoweza kukufuata na kubadilika hali yako inapobadilika. Ukiuzima, umemnyamazisha mwenzako aliyekuwa akikupa habari za uwanjani.

Chukua Space Invaders, mchezo wa Kijapani uliobuniwa na Tomohiro Nishikado na kutolewa na kampuni ya Taito mwaka 1978. Hauna wimbo wa kuimbika: kuna noti nne nzito tu zinazoshuka na kurudiwa, kama hatua za mtu mnene anayekuja ukumbini gizani. Kadiri unavyowapunguza kwa risasi wavamizi wanaokushukia kutoka juu, waliobaki huenda mbio zaidi na noti zile hukazana pamoja nao, hata anapobaki mmoja unajikuta umebana kitufe kwa nguvu isiyohitajika na pumzi umeishikilia. Mbio zenyewe zilitokana na udhaifu wa mashine, ambayo ilipobakiwa na wavamizi wachache wa kuchora iliwachora upesi zaidi. Nishikado aliona kasoro hiyo inanogesha mchezo, akaiacha.

Koji Kondo, aliyetunga muziki wa Super Mario Bros. ya mwaka 1985, mchezo wa kukimbia na kuruka mashimo kabla muda haujaisha, aliutumia mwendo wa wimbo kwa ustadi mkubwa. Muda uliobaki ukishuka chini ya 100, wimbo uleule huanza kukimbia, nawe unajua kwamba umechelewa bila kuinua macho kutazama tarakimu zilizo juu ya kioo, jambo lenye faida kubwa kwa sababu wakati huo macho yako yanapima upana wa shimo lililo mbele. Ukiokota nyota inayokukinga na maadui, wimbo hubadilika, na unaporejea ule wa kawaida, ujue kinga imefika ukingoni. Nadhani hapo ndipo unapofia usiku: macho yako yamebebeshwa kazi ya masikio pia.

Hata kimya hutungwa. Katika Shadow of the Colossus ya mwaka 2005, mchezo wa kuwinda majitu, unasafiri kwa farasi katika nchi tupu ukisikia kwato na upepo, huku muziki wa Kow Otani ukisubiri hadi ulikabili jitu. Ukianza kulishinda, muziki huacha vitisho na kukupa moyo. Anayecheza bila sauti husafiri na kupigana katika kimya kimoja, asipate ule mshtuko wa kutoka kwenye kimya kuingia kwenye muziki.

Tafuta hedifoni, hata za bei nafuu. Michezo mingi ina mipangilio inayotenganisha muziki na milio ya vitendo, kwa hiyo shusha milio ya risasi na ubakize muziki wa chini. Ila acha sikio moja wazi, maana mtoto akilia na shemeji amelala, wa kwanza kuitwa ni yule aliye macho.