Swali la lugha: "Wezesha kulemazwa" ni Kiswahili gani?

SWALI: Mimi ni fundi wa kompyuta, niko Morogoro. Mwenzangu na mimi tunapitia maelezo ya Kiswahili ya mipangilio ya iwlwifi, ile programu inayoendesha kadi za Wi-Fi za Intel kwenye Linux, ili vijana tunaowafundisha wayasome bila kubabaika. Mwenzangu ameandika: "Chaguzi za dereva huyu. 11n_disable: wezesha kulemazwa kwa 11n. Chaguo-msingi: lemaza kulemazwa." Naona kuna kasoro ila nashindwa kumwonyesha iko wapi. Tusaidie.

JIBU: Ndugu yangu, zipo zaidi ya moja. Nianze na zile ndogo.

"Dereva huyu" ni yule anayeshika usukani. Jina la kiumbe likihamia kwenye kitu, upatanisho nao huhama. Kifaru huyu anakula majani. Kifaru hiki cha jeshi kimevuka mto. Basi iwe dereva hii imepakiwa, dereva hizi zimepakiwa, bila ma- ya wingi. Ukisema draiva, kama wasemavyo mafundi wengi, umeukwepa utata wote, na mimi ndiyo ninayoipendelea. Kiendeshi ningeiacha, kwa kuwa wapo wanaoitumia kwa diski.

"Chaguzi" nazo ni wingi wa uchaguzi, na kadi ya Wi-Fi haipigi kura. Sema chaguo hili, machaguo haya.

Kasoro kubwa ni kwamba mwenzako ametafsiri jina la chaguo badala ya kueleza draiva itafanya nini. Jina 11n_disable si letu kulibadili. Ndilo litakaloandikwa kwenye faili la mipangilio chini ya /etc/modprobe.d, herufi kwa herufi, kwa hiyo liache lilivyo. Kinachohitaji Kiswahili ni maelezo yake. Na ukitoa amri ya modinfo iwlwifi, inayoonyesha maelezo ya draiva, utaona kwamba chaguo lenyewe halina hali mbili tu. Thamani 1 huzima 802.11n yote, yaani kile kiwango cha Wi-Fi kinachoitwa 11n kwa kifupi. Thamani 2 huzuia pakiti, yaani vipande vya data, zisiunganishwe wakati wa kutuma, na 4 huzuia hivyo hivyo wakati wa kupokea. Halafu inakuja 8, ambayo, licha ya jina kusema kinyume, huruhusu pakiti ziunganishwe wakati wa kutuma! Kijana aliyeandika 8 atasaidiwa na nini na "wezesha kulemazwa"? Mimi ningeandika hivi:

"11n_disable: hupanga jinsi draiva inavyotumia 802.11n. Usipoandika kitu, ni 0, yaani 11n inatumika kama kawaida. 1: 11n haitumiki kabisa. 2: pakiti haziunganishwi wakati wa kutuma. 4: haziunganishwi wakati wa kupokea. 8: pakiti huunganishwa wakati wa kutuma. Thamani hujumlishika, 6 ni 2 na 4 kwa pamoja."

Hapo "lemaza" haimo, na hakuna atakayeitafuta. Kulemaza ni kumtia mtu kilema. Najua neno limeenea kwenye programu zilizotafsiriwa, lakini kuenea si hoja. "Wezesha" ina nafuu kidogo, ila anayewezeshwa ni mtu: kikundi cha akina mama huwezeshwa kwa mkopo. Kitu chenye hali mbili sisi huwasha na kuzima, kama taa. Kwa hiyo chaguo jingine la draiva hiyo, power_save, liwe: "1: draiva huwasha hali ya kubana matumizi ya umeme, 0: huizima."

Lakini usiikimbilie washa na zima kila mahali. Chukua chaguo la swcrypto, linalohusu usimbaji, yaani kuficha data ili wengine wasizisome. Hapa hakuna kinachozimwa. Swali ni nani afanye kazi. Andika: "0: usimbaji hufanywa na kadi yenyewe, 1: hufanywa na programu." Ukisema "washa usimbaji", msomaji atadhani kwamba kwenye 0 data zake zinapita wazi, na huo ni uongo wa hatari.

Angalia pia nyakati za vitenzi. Kwenye maelezo tumeandika huwasha, huzima, hufanywa, kwa sababu tunaeleza tabia ya draiva siku zote. Ukisoma faili la power_save chini ya /sys/module/iwlwifi/parameters na kukuta N, yaani hapana, hapo ndipo "imezimwa" inapofaa, maana unasema hali iliyopo sasa hivi kwenye mashine hiyo. Mwenzako akichanganya -me- na hu-, msomaji hatajua kama anaelezwa kinachowezekana au kilichokwisha kutokea.

Mkifika kwenye mipangilio ya kujenga kerneli, yaani kiini cha Linux, mtakuta CONFIG_IWLWIFI ina majibu matatu: y, m na n. Msiandike "imewashwa" wala "imezimwa". Kiswahili kina neno jepesi zaidi kwa jambo hili. y: draiva imo ndani ya kerneli. m: ni moduli ya kupakiwa inapohitajika. n: haimo. Aliyeambiwa "imezimwa" atazunguka akitafuta mahali pa kuiwasha. Aliyeambiwa "haimo" ataelewa kwamba lazima ajenge kerneli, au angalau moduli hiyo, upya.