Maggie Alikufa Melbourne, Uingereza Bado Yu Hai

SWALI: Kaka, salaam. Mwaka 2000 nilikuwa naishi Uingereza na dada yangu alikuwa Melbourne, Australia. Sote wawili tulikuwa wafuasi wa tamthilia ya polisi iitwayo Blue Heelers. Siku moja nikampigia kwa kadi ya simu, akapokea huku analia: "Maggie wamempiga risasi, amekufa." Mimi mchana wa siku ile ile nilikuwa nimemwona Maggie mzima wa afya! Tulibishana mpaka kadi ikaisha. Iweje mtu mmoja awe amekufa nchi moja na nchi nyingine bado yuko kazini? Waaustralia walikuwa wanatuuzia makapi? Na kwa nini vipindi nilivyoviona vilikuwa kama vimekatwa katikati ya tukio? Nilirudi nyumbani kabla sijamaliza, na mpaka leo sijui mwisho wake. — Msomaji wa miaka mingi

JIBU: Dada yangu, pole kwa msiba ulioletewa kabla ya siku yake. Nyote wawili mlisema kweli. Barua yako imenigusa, kwa sababu miaka 11 ya ujana wangu niliimaliza katika chumba cha kanda cha kituo kimoja cha televisheni, nikipokea tamthilia za nje, nikizikagua na kuzirudisha zilikotoka. Na Maggie Doyle mwenyewe nilimfahamu mwaka 1997 nilipokuwa mafunzoni Melbourne. Ukumbi wa hosteli yetu ulikuwa na runinga moja, na ikifika saa ya Blue Heelers hakuna aliyethubutu kugusa swichi.

Tuanze na kwao. Blue Heelers ilibuniwa na Hal McElroy na Tony Morphett, na ilirushwa na mtandao wa televisheni wa Seven kuanzia tarehe 18 Januari 1994. Kipindi cha kwanza ni Maggie, aliyeigizwa na Lisa McCune, akiripoti katika kituo cha polisi cha Mount Thomas, mji mdogo wa kubuni katika jimbo la Victoria. Jina la tamthilia ni la mbwa wa kuchungia ng'ombe wa Australia, mwenye manyoya ya rangi ya buluu-kijivu, ambaye huwaswaga ng'ombe kwa kuwang'ata visigino. Polisi wa Victoria nao huvaa buluu. Mtu wa kule akilisikia jina hilo anawaona mbwa na askari kwa pamoja. Ukivuka bahari unabaki na sauti tu, na nimekutana na watu wengi walioipenda tamthilia hii miaka na miaka bila kujua kwamba jina lake ni la mbwa.

Sasa swali lako lenyewe. Kabla ya tamthilia kutazamwa kwa intaneti, dunia haikuwa na siku moja ya kutazama. Kipindi kilirushwa kwanza nyumbani, kwa kituo kilichokigharamia. Baada ya hapo msambazaji alikipeleka sokoni. Soko kubwa lilikuwa, na bado lipo, katika mji wa Cannes, Ufaransa, kila Oktoba, nalo linaitwa MIPCOM. Huko wanunuzi wa vituo vya nchi mbalimbali hukaa kwenye vyumba vidogo, hutazama vipindi vichache, kisha huanza kuvutana bei. Bei hiyo haifuati gharama ya kutengeneza kipindi. Inafuata ukubwa wa nchi na idadi ya watazamaji wa kituo kinachonunua, ndiyo maana kipindi kile kile taifa kubwa hukilipia fedha nyingi na kisiwa kidogo hukipata kwa fedha kidogo sana. Kwa hiyo hapana, hamkuuziwa makapi. Kanda iliyofika Uingereza ilikuwa na picha ile ile aliyoiona dada yako.

Ila mkataba haukuwa wa tamthilia nzima. Kituo kilinunua fungu la vipindi, tuseme msimu mmoja au miwili, na haki ya kuvirusha mara kadhaa ndani ya miaka kadhaa, katika nchi hiyo peke yake. Fungu likienda vizuri, kinanunua jingine. Na karibu kila mnunuzi alianzia kipindi cha kwanza, hata kama nyumbani wameshafika cha mia mbili, maana nani angemwelewa Maggie bila kumwona akishuka Mount Thomas siku ya kwanza? Hapo ndipo pengo lenu lilipozaliwa. Dada yako alikuwa mbele kwa sababu aliishi kwenye chemchemi, na wewe ulichota maji mtoni.

Pengo hilo halikuwa na urefu mmoja. Blue Heelers ilitoa vipindi 510 kwa miaka kumi na miwili na ushei, yaani wastani wa kama 40 kwa mwaka. Nyumbani walikula kimoja kwa wiki. Kituo cha nje kikiamua kurusha vitano kwa wiki, kila siku ya kazi, mwaka mzima wa Melbourne unaliwa kwa wiki nane tu. Wanaoanza wakiwa nyuma miaka mitano wanaweza kukaribia kwa muda mfupi, halafu kanda zinawaishia na inabidi wasubiri. Watazamaji walidhani tamthilia imefutwa. Nimezipokea simu zao nyingi, wengine wakilia kama dada yako, na jibu langu lilikuwa lile lile: fungu jipya halijafika.

Na Uingereza ilikuwa na lake la ziada. Kule Blue Heelers ilirushwa na ITV, televisheni ya biashara, na ITV ya miaka ile haikuwa kituo kimoja. Ilikuwa muungano wa kampuni za majimbo, na vipindi vya mchana kila kampuni iliweza kujipangia. Mfano ulio wazi zaidi ni Prisoner, tamthilia nyingine ya Australia, ya gereza la wanawake, iliyotengenezwa kuanzia 1979 hadi 1986 na kufikia vipindi 692. Kampuni za ITV ziliianza kwa nyakati tofauti na kuiendesha kwa mwendo tofauti, kiasi kwamba mtu akihama mji ndani ya Uingereza aliweza kurudi nyuma miaka ya hadithi. Kwa hiyo hata jirani yako aliyehamia jimbo jingine huenda angebishana nawe kama ulivyobishana na dada yako.

Kuhusu kukatwakatwa, hukukosea. Uingereza kuna mpaka wa saa 3 usiku: kabla ya saa hiyo mambo yasiyofaa watoto hayaruhusiwi. Kipindi cha polisi kilichoandaliwa kwa watazamaji wa usiku wa Australia, mtu akikitaka kwa mchana, lazima mhariri aketi nacho aondoe damu na matusi. Nimeifanya kazi hiyo kwa mikono yangu na sikuipenda hata siku moja. Unaondoa sekunde sita za kofi, na pamoja nazo unaondoa sura ya askari anayejuta kupiga kofi. Mtazamaji anaona mtu kasimama mlangoni, ghafla yuko ndani ya gari. Pia Waaustralia waliacha nafasi za matangazo ya biashara mahali pao, kila moja ikitanguliwa na tukio la kukushika roho. Kituo cha nje kikiweka matangazo yake pengine, roho inashikwa na hakuna kinachofuata.

Tena nyinyi mlikuwa na bahati ya lugha. Ujerumani, Ufaransa, Italia na Hispania hutia sauti mpya, na Uholanzi na nchi za Skandinavia huweka maandishi chini ya picha. Ndiyo maana kanda ya kuuzwa nje ilikuwa na mazungumzo kwenye njia moja ya sauti, na muziki pamoja na milio ya milango, magari na ndege wa porini kwenye njia nyingine. Mnunuzi alifuta mazungumzo na kuwaacha ndege. Mwishoni mwa kanda kulikuwa na picha za mwanzo zisizo na maandishi yoyote, ili kila nchi iandike kwa lugha yake. Nilipokuwa kazini nilipenda kuzitazama picha hizo tupu, barabara na vilima bila jina la mtu, hata kama hazikuwa na kazi kwetu. Tamthilia ya polisi wa majini wa bandari ya Sydney, Water Rats, iliyoanza 1996, Wajerumani waliiongezea jina lao kabisa: Die Hafencops, yaani polisi wa bandarini.

Umeniuliza mwisho. Baada ya Maggie kufa, P.J. aliyekuwa mchumba wake alibaki na jeraha hilo kwa muda mrefu, na sura mpya zikaja. Mwaka 2004 kituo chenyewe cha Mount Thomas kililipuliwa kwa bomu, na tangu hapo hadithi ikawa na giza zaidi; mimi binafsi naona ilipoteza utulivu wake wa mji mdogo, ule uliotufanya tusiguse swichi. Kipindi cha mwisho kilirushwa Jumapili, tarehe 4 Juni 2006. Idadi yake ya 510 ni sawasawa na ya Homicide, tamthilia ya polisi ya Melbourne iliyoanza 1964.

Ukitaka kuimalizia, usitafute kwa mwaka wa kurushwa, maana mwaka wako na wa dada yako havitalingana kamwe. Tafuta kwa namba ya kipindi. Na usiogope kwamba utawakuta wageni watupu: Sajenti Tom Croydon, aliyeigizwa na John Wood, na Chris Riley mwenye baa, aliyeigizwa na Julie Nihill, wapo tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho.