Maswali na majibu: kumsaka John Jones wa Wales

Mume wangu ni Mwelisi. Anachojua ni kwamba babu wa babu yake aliitwa John Jones, mchimba makaa ya mawe. Tuanzie wapi? – Mama wa wawili, Cardiff

Akina John Jones wamejaa Wales kama akina Juma Kariakoo. Bila kutaja mtaa humpati. Anza na mtu mnayemjua, hata kama ni bibi yake mume, mpande kizazi kimoja kimoja. Serikali inasajili vizazi, ndoa na vifo tangu Julai 1837, na cheti cha kuzaliwa kinataja ukoo wa mama. Hapo ndipo Jones mmoja anapoachana na mwingine.

Kisha ingia kwenye sensa. Tangu 1851 inataja parokia mtu aliyozaliwa, na tangu 1891, kwa Wales, inaonyesha kama anasema Kiwelisi, Kiingereza au vyote viwili. Ya 1931 msijisumbue, iliteketea kwa moto. Mkifika makaburini, someni jiwe lote: mara nyingi chini ya jina limechongwa jina la shamba au nyumba ya marehemu. Hilo jina la shamba lina thamani kuliko "Jones" kumi.

Kwenye wosia wa zamani baba ni Rhys ap Hywel, mwana ni Hywel ap Rhys. Ukoo gani huu unaogeuka?

Haugeuki, haukuwapo. *Ap* (au *ab*) ni bin, *ferch* ni binti. Wewe uliyezoea Salim bin Said unashangaa nini? Kiingereza kilipotawala, ap Rhys akawa Price, ap Hywel akawa Powell, ab Owen akawa Bowen. Nyosia za Wales za kabla ya 1858 zinasomwa bure kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa, iliyoko Aberystwyth.

Ni kweli Stanley, yule wa Ujiji, alikuwa Mwelisi?

Kweli. Alizaliwa Denbigh 1841, jina lake John Rowlands.

Kipimo cha vinasaba kimenipa binamu wa nne. Nimemwandikia mara tatu, kimya.

Mara tatu ni nyingi, ndugu yangu. Wengine hupima wajue asilimia za asili yao tu, wasifungue akaunti tena. Acha miezi kadhaa, kisha tuma mistari mitano: kijiji, mwaka, jina la mzee mnayedhani mnachangia (kwa binamu wa nne, ni kizazi cha tano juu yenu), na picha moja. Habari za mtoto wa nje ya ndoa zingoje barua ya pili. Au ya kumi.

Kwetu husemwa kuna ndugu waliokwenda Argentina. Hadithi tu?

Huenda si hadithi. Mei 1865 meli Mimosa iliondoka Liverpool na Wawelisi wapatao 150, ikatia nanga Puerto Madryn mwezi Julai. Walihamia bonde la Chubut, na mpaka leo Kiwelisi kinasikika Gaiman na Trelew. Ukipata jina la kule, andika kwa Kihispania. Kiingereza chako huenda kisisomwe na mtu.