Maswali ya Wasomaji: Mota ya Msumeno wa Meza Imeungua, Niisuke au Ninunue Nyingine?

SWALI: Ndugu mwandishi wa safu hii, pokea salamu zangu. Mimi ni seremala hapa Keko, Dar es Salaam. Mwaka jana nilinunua msumeno wa meza uliotumika, wenye diski ya inchi 10, ulioletwa kutoka Marekani. Kibati cha mota kimeandikwa nguvu farasi 1.5, volti 115/230, hezi 60, mizunguko 3450. Tuliuunganisha kwenye volti 230 na ukafanya kazi vizuri, ingawa mota ilikuwa ikipata moto sana. Wiki iliyopita ulianza kunguruma bila kuzunguka, ikafuata harufu ya kuungua, na sasa kila nikiwasha sakiti breka inakata. Umeme nauvuta kwa waya wa mita 30 hivi, wa milimita mraba 1.5, kutoka nyumba ya jirani. Fundi mmoja anasema mota isukwe upya, yaani waya zake za ndani zitolewe na kuzungushwa nyingine, na mwenzangu wa karakana anasema ninunue mpya Kariakoo. Nishauri. — Fundi seremala, Keko.

JIBU: Ndugu fundi, kabla hujachagua kati ya mashauri hayo mawili, hakikisha kwanza kwamba mota imekufa kweli, kwa sababu kunguruma bila kuzunguka ni dalili inayotokana mara nyingi na kapasita (kifaa kinachohifadhi umeme na kuipa mota msukumo wa kuanzia) iliyochoka, au na swichi ndogo iliyomo ndani ya mota ambayo huikata kapasita ya kuanzia pindi mota inapokaribia kasi yake. Maranda yakiingia katika swichi hiyo, hubaki imeachia au imeng'ang'ania. Nimeona mota nzima ikipelekwa kusukwa kwa kosa la kapasita tu, na fundi wa kusuka, ambaye riziki yake ni kusuka, hakuona sababu ya kumzuia mteja.

Chomoa plagi, vua mkanda, kisha zungusha shafti kwa mkono. Ikikwaruza au ikigoma, tatizo ni beringi. Ikizunguka kwa wepesi, fungua kifuniko cha kapasita, na usiiguse kwa vidole kabla ya kuimaliza chaji kwa kizuizi cha umeme au balbu, kwa kuwa kapasita huhifadhi umeme hata baada ya plagi kutoka. Iliyovimba au kuvuja mafuta haihitaji kipimo. Ukibadilisha, namba ya mikrofaradi ibaki ileile, na volti zake zisipungue zile za awali.

Hata hivyo, harufu na sakiti breka inayokata papo hapo vinanifanya niamini kwamba kwako koili, yaani waya zilizosukwa ndani ya mota, zimeungua. Mwombe fundi umeme apime kwa mega (kipimo cha kinga ya waya) ya volti 500 kati ya koili na bodi ya mota. Kipimo kikiwa chini ya megaomu 1, kinga ya waya imeharibika au ina unyevu, na katika joto la pwani unyevu si jambo la kupuuza. Kama koili si nyeusi, ikaushe kwanza kisha pima tena.

Tuje sasa kwenye sababu, maana mota hii haikufa kwa bahati mbaya. Ilitengenezwa kwa hezi 60, yaani umeme unaogeuka mara 60 kwa sekunde, na umeme wetu ni hezi 50. Mota ya aina hii hupokea volti kwa uwiano na hezi zake: volti 230 ukizigawa kwa hezi 60 unapata 3.8, lakini volti zilezile ukizigawa kwa hezi 50 unapata 4.6, yaani sumaku ya ndani inalazimishwa kwa asilimia 20 zaidi. Chuma hushiba, mota huvuta ampea nyingi hata bila mzigo, na joto unaloliona linatokana na hapo. Isitoshe, kasi nayo ilishuka kutoka 3450 hadi karibu 2850, na feni yake ikapunguza uwezo wa kupoza.

Waya wako umeongeza tatizo. Mita 30 za kwenda na 30 za kurudi, kwa milimita mraba 1.5, zina ukinzani wa karibu omu 0.73. Mota ya ukubwa huu ikiwaka huweza kuvuta ampea 40 kwa muda mfupi, hivyo karibu volti 30 hupotea njiani. Nguvu ya kuanzia hufuata mraba wa volti, kwa hiyo umekuwa ukiwasha mashine ikiwa na takriban robo tatu tu ya nguvu yake, huku diski, pengine butu, ikisubiri mbao ngumu. Mota ikichelewa kushika kasi, koili za kuanzia hubaki kwenye umeme muda mrefu na kuungua. Tumia waya wa milimita mraba 4, au ufupishe safari yake, na ufanye hivyo kabla ya kuiwasha mota yoyote, iliyosukwa au mpya.

Kati ya kusuka na kununua, mimi kwako ningeanza na kusuka, kwa sharti moja: fundi asikuwekee idadi ileile ya mizunguko ya waya. Akuambie wazi kwamba anaisuka kwa hezi 50, na aongeze mizunguko ya koili kwa karibu asilimia 20. Waya utakuwa mwembamba kidogo ili uingie katika nafasi zake, na nguvu ya mota itashuka, lakini joto litapungua sana. Asipoelewa unachomwomba, mtafute mwingine. Hakikisha waya ni wa shaba, na vanishi imekaushwa kwa moto wa tanuri, si kwa jua la mchana mmoja.

Faida kubwa ya kusuka ni kwamba bodi, shafti na matundu ya kufungia yanabaki yaleyale. Mota mpya ya kilowati 1.1, inayolingana na nguvu farasi 1.5, kwa kawaida huja na shafti ya milimita 19, wakati ya Kimarekani mara nyingi ni inchi 5/8, karibu milimita 15.9. Puli yako ya zamani haitaingia bila kutobolewa upya, na bamba la kufungia litahitaji matundu mapya. Ukinunua mpya, chagua yenye mizunguko 2850, si 1430, kisha ubadilishe puli ya mota. Kama ilikuwa na inchi 3, weka ya takriban inchi 3.6, ili diski irudie kasi iliyokusudiwa. Usizidishe zaidi ya kasi iliyochapwa kwenye diski yenyewe. Hakikisha pia mota inazunguka upande sahihi kabla ya kufunga mkanda, maana ikigeuka, nati ya diski inaweza kulegea.

SWALI: Nina mota ya njia tatu (fezi tatu) iliyobaki kutoka mashine ya zamani, na karakana yangu ina umeme wa njia moja tu. Naweza kuitumia kwenye msumeno? — Msomaji, Buguruni.

JIBU: Unaweza, ukitazama kibati chake. Kikiandikwa volti 230/400, inaweza kuunganishwa kwa mtindo wa pembetatu na kuendeshwa na inveta inayopokea njia moja ya volti 230 na kutoa njia tatu. Kikiandikwa 400/690, inveta hiyo haitatosha. Njia ya kuweka kapasita badala ya inveta huiwasha mota, lakini hupunguza nguvu yake sana, na mimi sishauri kuitumia kwenye diski inayochana mbao ngumu.