Jukwaa jipya la mtandaoni: jaza chumba kimoja kwanza

Kila anayeanzisha jukwaa la kijamii hukutana na fundo lilelile: mtazamaji haji kwa kuwa hakuna cha kutazama, na mtengeneza maudhui haji kwa kuwa hakuna mtazamaji. Matangazo ya redio hayalifungui fundo hilo. Yanaleta watu elfu moja wasiojuana, kila mmoja anakuta ukurasa mtupu, na jioni anaifuta programu ili apate nafasi kwenye simu.

Anza padogo kuliko unavyotamani. Facebook ilianza Februari 2004 ikiwa ya wanafunzi wa Harvard tu. Machi ndipo ikaingia Columbia, Stanford na Yale. Kwa hesabu ya kawaida, watu 10 wanatoa jozi 45 za mazungumzo, na watu 100 wanatoa jozi 4,950. Lakini hesabu hiyo ina maana pale tu watu hao wanapohitajiana. Mia moja waliotawanyika, huyu mapishi, yule mpira, mwingine injili, hawana la kuambiana.

Kwa hiyo chagua fani moja na mji mmoja. Tuseme wasusi wa Dar es Salaam. Tafuta 25, umpigie simu kila mmoja au umfuate saluni. Ujumbe wa jumla hausomwi. Kila mmoja aweke klipu tatu kabla hujafungua mlango, ili mgeni wa kwanza akute kazi 75. Klipu ya sekunde 30 ibane ifike kama MB 3, maana bando ni pesa ya mtazamaji, na video nzito inamfukuza hata kama ni nzuri.

Lakini msusi aje kwa nini wakati watu bado ni wachache? Mpe kitu kinachomfaa leo, hata akiwa peke yake humo. Instagram ilipotoka Oktoba 2010, mtu aliipakua ili apendezeshe picha ya simu na kuirusha Facebook au Twitter. Marafiki wa humo ndani walikuja baadaye. Msusi wako mpe ukurasa wenye mitindo, bei na nafasi zilizo wazi, wenye kiungo anachoweza kumtumia mteja kwa WhatsApp.

Kisha kazi yake iruhusu kutoka nje ikiwa na nembo yako. Musical.ly, programu ya video fupi iliyoanzishwa na Alex Zhu na Luyu Yang mwaka 2014, iligundua kwamba video zake zikipelekwa Instagram zinakatwa kuwa mraba, na nembo inakatwa pamoja nazo. Wakaihamisha mahali isipokatika. Julai 2015 programu hiyo ilikuwa ya kwanza kwenye orodha ya App Store, duka la programu za iPhone, ya Marekani. Basi jaribu mwenyewe: pakua klipu, iweke hali ya WhatsApp, uitazame kwenye simu ya bei nafuu. Jina lako linasomeka?

Wiki za mwanzo, mshahara wa mtengeneza maudhui ni kuonekana. Aliyeweka kazi yake akalala bila jibu hata moja, kumrudisha ni kazi ngumu mno. Mtu wa timu yako aandike, kwa jina lake, swali la kweli: rasta hizi zimechukua saa ngapi, umetumia pakiti ngapi? "Kazi nzuri" haimwambii msusi kitu. Akaunti bandia usiguse kabisa. Siku zikijulikana, hata sifa za kweli zitaonekana za kununuliwa.

Pesa ndiyo inayovunja majukwaa mengi. Ukitenga mfuko wa shilingi milioni 10 kwa mwezi, watu 50 wanapata 200,000 kila mmoja. Wakifika 5,000, kila mmoja anapata 2,000, na waliokujengea ndio wanaoona malipo yakishuka. Mgao wa asilimia ya mapato, kama YouTube ilivyoanza kuwapa watengeneza video washirika wake mwaka 2007, unakua pamoja na jukwaa. Kama hujawa na mapato, sema hivyo waziwazi, wala usiahidi tarehe.

Kununua nyota mmoja nako hakusaidii sana. Mixer, jukwaa la Microsoft la kutazama michezo ya video mubashara, ilimchukua mchezaji nyota Ninja kutoka kwa mshindani wake Twitch Agosti 2019. Julai 2020 ikafungwa. Mtazamaji ana kipenzi chake, lakini pia ana watu anaopiga nao soga humohumo, na hao hawakuhama.

Usihesabu waliojisajili. Hesabu wangapi kati ya wale 25 wameweka kazi mpya wiki ya nne bila kukumbushwa, na kazi ngapi zimepata jibu ndani ya saa 24 kutoka kwa mtu asiye wa timu yako. Wakirudi chini ya 10, rudi saluni ukawaulize kilichowakwaza, huku simu zao zikiwa mkononi. Wakizidi 15, ongeza fani ya jirani: wao wenyewe wanajua wapambaji wa maharusi wa kuwaalika.