Swali la lugha: Je, nishani ya babu "ilifutwa"?

Msomaji wetu wa Tabora anaandika wasifu wa marehemu babu yake, aliyekuwa sajini katika King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza huku Afrika Mashariki enzi za ukoloni, au Keya kama wazee walivyoliita. Babu alipata British Empire Medal (BEM) ya upande wa kijeshi, ambayo Uingereza iliacha kuitoa mwaka 1993. Mjukuu ameandika: "Babu alitunukiwa nishani iliyofutwa, kwa utumishi wake uliotukuka." Binamu yake aliposoma akashtuka: "Kwani babu alinyang'anywa?" Msomaji anauliza kosa liko wapi, na kama aandike nishani au medali.

Binamu ana haki ya kushtuka. Kufuta ni kuondoa kitu kisibaki. Tunafuta maandishi ubaoni, mahakama inafuta kesi, na leseni ikifutwa mwenye nayo haruhusiwi tena kuitumia. Ukisema nishani ya mtu imefutwa, msikilizaji anaelewa kwamba mtu huyo hanayo tena, na huenda alifanya jambo la aibu. Kumbe waliopewa BEM kabla ya 1993 walibaki nayo na waliendelea kuivaa kwa heshima zote. Kilichokoma ni kuwapa watu wapya.

Ipo nishani ya ukoo huohuo ambayo kitenzi kufuta kinaifaa kabisa. Mwaka 1922 Waingereza waliigawa medali yao ya Dola mara mbili: BEM kwa utumishi, na Empire Gallantry Medal kwa ushujaa. Hiyo ya ushujaa ilifutwa mwaka 1940 ilipoanzishwa George Cross, nishani ya ushujaa yenye umbo la msalaba, na waliokuwa nayo wakiwa hai walitakiwa kuirudisha wapewe msalaba huo badala yake. Hapo andika "ilifutwa" bila wasiwasi.

Je, "ilisitishwa"? Magazeti yanakipenda sana kitenzi hiki na kukitupia kila kinachokoma. Lakini kusitisha kumetokana na kusita, na anayesita hajakata shauri. Ndiyo maana tunasema kusitisha mapigano, maana bunduki zaweza kulia tena kesho. BEM ya raia ndiyo inayostahili neno hili: ilisitishwa mwaka 1993, ikarejeshwa mwaka 2012. Ya wanajeshi haikurudi. Serikali ya John Major, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, ilikuwa imeamua kupunguza utengano wa vyeo katika tuzo, kwa kuwa BEM ilikuwa ya askari wasio maofisa, ilhali afisa kwa utumishi kama huohuo alipewa MBE, nishani ya ngazi ya juu zaidi katika ukoo huohuo. Tangu hapo koplo naye anaweza kupewa MBE.

"Ilikomeshwa" nako sikushauri. Tunakomesha utumwa, rushwa na ujangili, yaani mambo maovu. Babu hakuvaa uovu kifuani.

Kiswahili cha kila siku kina jibu jepesi ambalo waandishi wengi wanaliruka kwa sababu halina mikogo: haitolewi tena. Ukitaka kutaja mwaka, sema iliacha kutolewa. Tena angalia mpangilio wa sentensi yako. "Alitunukiwa nishani iliyofutwa" inamfanya babu aonekane amepewa kitu ambacho siku hiyohiyo kilikuwa kimeshakufa. Mambo mawili yaliyopishana miaka mingi yanataka sentensi mbili: "Babu alitunukiwa British Empire Medal. Nishani hiyo, kwa upande wa wanajeshi, iliacha kutolewa mwaka 1993." Na kama siku moja utaandika habari za askari aliyenyang'anywa kweli, sema alivuliwa nishani, kama anavyovuliwa cheo. Aliyevishwa ndiye huvuliwa.

Kuhusu "utumishi uliotukuka", msemo huo umesemwa kwenye maziko na sherehe za kustaafu mpaka umechuja. Isitoshe, kutukuka ni kufika juu kabisa, na nishani hii haikudai hivyo. Maneno yaliyochorwa juu yake yanasifu kazi iliyofanywa vizuri kuliko kawaida: karani wa ghala asiyepoteza hata blanketi moja, au sajini ambaye kikosi chake hakikosi risasi wala chakula. "Utumishi uliostahili sifa" unatosha, na ni wa kweli zaidi.

Nishani au medali? Yote ni Kiswahili. Matumizi yamegawanyika yenyewe: mwanariadha hushinda medali, dola hutunuku nishani, kama Nishani ya Mwenge wa Uhuru. Ukiandika medali hutakuwa umekosea, ila usiandike kwamba babu "alishinda" nishani. Hakukuwa na mashindano.

Kabla hujaandika "ya kijeshi", itazame utepe. BEM za tangu 1937 zina utepe wa rangi ya waridi wenye kingo za kijivu, na ya mwanajeshi ina mstari mwembamba wa kijivu katikati. Kisha igeuze kwa ubavu usome jina la babu lilivyochorwa ukingoni. Makarani wa Keya waliyaandika majina yetu walivyoyasikia, kwa hiyo ukikuta tahajia ngeni, inukuu vilevile ilivyo, halafu uandike jina analojulikana kwalo nyumbani.