Jibu: Homuweki na taarifa za kila wiki kwa watoto wanaosomea nyumbani historia, uraia na fasihi

Dada mleta uzi, umesema uko Tanga, unasomesha wanao na wa majirani historia, uraia na fasihi, na grupu la wazazi limevurugika, homuweki inazama chini ya salamu za asubuhi na video, siku ya darasa mtoto anakuja mikono mitupu na mzazi anasema hakuona kitu. Unauliza utume nini kila wiki na kama ulipie ile programu ya shule uliyoonyeshwa.

Mi niko Bagamoyo, nafundisha masomo hayohayo kikundi kidogo cha watoto wanaosomea nyumbani, rika la kidato cha kwanza mpaka cha tatu, tunakaa barazani kwangu Jumanne na Alhamisi asubuhi. Programu achana nayo kwanza, hela hiyo piga kopi. Shida iko kwenye meseji yenyewe, unakuta imebeba homuweki, ada, pole ya msiba na mtoto aliyesahau daftari, vyote humohumo, mzazi aanze kuchambua saa ngapi?

Kwangu grupu la taarifa anaandika admin peke yake, maongezi yana grupu lao. Meseji ni moja kwa wiki, Ijumaa baada ya magharibi, na siku haibadiliki hata kama wiki hiyo tumesoma kidogo. Nimechagua Ijumaa kwa sababu wazazi wengi wa hapa wanafanya kazi Dar, wanarudi wikiendi, ukituma Jumatatu unamtumia mtu aliyebanwa kwenye basi la Makumbusho, ataisoma saa ngapi na mtoto yuko mbali naye. Wewe angalia wazazi wako wanatulia nyumbani lini, hapo ndo siku yako.

Meseji iishe kwenye skrini moja. Mfano wa wiki moja, nimeutoa ulivyo:

"Tumesoma safari ya mwili wa mmisionari Livingstone kutoka kijijini kwa Chitambo mpaka hapa Bagamoyo, 1873 hadi Februari 1874. Majina ya kushika, watumishi wake: Chuma, Susi, Jacob Wainwright. Kusoma: kopi walizopewa. Kuandika: ukurasa mmoja, kwa nini waliubeba mwili mpaka pwani badala ya kuuzika wote kulekule walikozika moyo? Sababu mbili, na kila sababu useme umeitoa wapi. Kuleta: Alhamisi. Swali la mezani: katika safari ile vitabu vinamtaja nani sana, na mzigo aliubeba nani?"

Hilo swali la mezani ndo roho ya kitu chote. Mzazi hahitaji kuijua historia, kazi yake ni kuuliza wakati wa kula na kusikiliza mpaka mtoto amalize, asimsahihishe. Masomo haya mtoto anayaelewa akiyasema kwa mdomo mbele ya mtu asiyejua, anajikuta anapanga hoja, anarudi nyuma, anasema subiri nianze upya. Nina bibi mmoja analea mjukuu, kusoma hasomi, yeye namtumia voisi ya lile swali tu, na mjukuu wake ndo anaongoza kwa kujieleza darasani. Asiye na simu ya mtandao nampa daftari dogo la mawasiliano, mtoto ananakili meseji hiyohiyo kwa mkono wake kabla hajatoka barazani.

Sasa kuhusu kunakili, maana umesema wanakopi kutoka mtandaoni neno kwa neno. Dawa niliyoiona inafanya kazi ni kuuliza kitu ambacho jibu lake haliko mtandaoni. Niliwapeleka Kaole kwenye magofu, kila mmoja na karatasi yenye mstari katikati, kushoto nilichoona, kulia nilichofikiri. Kijana mmoja kushoto aliandika "watu wa hapa walikuwa matajiri". Nikamwambia hiyo umeiona wapi, nionyeshe kwa kidole. Akabaki kimya, akarudi kwenye makaburi ya nguzo, akazunguka, akaniita: mwalimu hapa pana vishimo vya duara kwenye nguzo. Haya, kiandike hicho kushoto. Nilipomweleza kwamba nguzo zile zilipachikwa bakuli za kaure zilizotoka China, ndo akahamishia utajiri kulia, akaongeza mwenyewe "na walifanya biashara ya mbali". Kutofautisha ushahidi na maoni kumeingia hapohapo, na hakuna tovuti ingemwandikia, kwa sababu alichoandika ni macho yake.

Na wewe Tanga umekaa juu ya hazina dada yangu! Tongoni pana makaburi ya nguzo mengi kuliko haya ya kwetu. Reli ilianza kujengwa hapo mjini 1893, waulize ilijengwa kuelekea wapi na kwa faida ya nani, afu waende wakaongee na mzee aliyefanya kazi shamba la mkonge. Kuna vita ya Novemba 1914, Waingereza walishuka na jeshi kutoka India wakashindwa na Wajerumani, na askari wengi wa upande wa Wajerumani walikuwa Waafrika, hapo uraia na historia vinakutana bila kulazimisha. Fasihi ndo usiseme, Shaaban Robert kazaliwa huko Vibambani 1909. Hata kabatini kwa mama kuna homuweki, mtoto akusanye majina ya kanga matano, aulize kila moja huvaliwa nani amsikie, na kwa nini halisemwi waziwazi. Ukimwambia "eleza muktadha katika fasihi simulizi" anakodoa macho, ukimpa kanga anakuandikia kurasa mbili.

Maendeleo ya mtoto mmoja mmoja usiyaweke grupuni kabisa, wala alama. Watoto wanaonyeshana simu, mzazi naye anamlinganisha wake na wa jirani, mtoto anaanza kuchukia somo. Mi mwisho wa mwezi namwandikia kila mzazi pembeni, sentensi chache, kitu anachoweza sasa na kitu kimoja tunachokifanyia kazi. Kusema "anaendelea vizuri" hakumpi mzazi chochote. Andika: "zamani alihadithia tukio mwanzo mwisho, sasa anaanza na hoja ndo analeta tukio, bado hatumii tarehe." Hapo mzazi anajua amtazame wapi.

Kuna mzazi aliwahi kumwandikia mwanae insha ya uraia yote, imejaa maneno ya ofisini. Sikumgombeza mtoto wala kumpa alama, nilimwomba tu anisimulie alichoandika, na mzazi nikampigia tukaelewana. Tangu hapo kila kazi inafungwa na maelezo ya mdomo ya dakika mbili, daftari limefunikwa. Na madaftari uyarudishe yamesahihishwa kabla hujatoa kazi mpya, ukichelewesha wanaona hakuna anayesoma, wanaanza kulipua.

Kazi zote tunza kwenye faili na ile meseji ya kila wiki ichape uibandike mbele yake. Kama watafanya mitihani ya NECTA (baraza la mitihani la taifa) kama watahiniwa wa kujitegemea, faili hilo litakuonyesha mada zipi mmegusa na zipi bado, na taratibu za usajili uzifuatilie mapema.

Hujasema watoto wana umri gani, na wa kidato cha kwanza na cha tatu swali linaweza kuwa moja ila kazi ya kuandika lazima itofautiane. Niambie rika zao na siku mnazokutana, nikuandikie hapa meseji ya wiki ya kwanza, tuanze na Tongoni.